Mkataba wa kumwekesha farasi bandani: mwongozo kamili kwa wenye farasi na wenye mabanda wa Lubumbashi

Mtu anayemiliki farasi mjini Lubumbashi mara nyingi hana kwake uwanja wa kutosha kumlaza, wala hana nafasi ya kumlisha asubuhi na jioni, kwa hiyo humkabidhi kwa mwenye banda pembezoni mwa mji na kulipa kila mwezi. Makabidhiano hayo yakifanywa kwa mdomo, bei inatajwa, watu wanapeana mikono, farasi anashushwa kwenye lori, na kila upande unaamini kwamba mwenzake ameelewa. Mambo yanaweza kwenda vizuri kwa miezi, pengine kwa miaka, hadi usiku mmoja farasi aanze kugaagaa kwa maumivu ya tumbo wakati mwenyewe yuko Kolwezi au Johannesburg na simu yake haipatikani, huku saisi, yaani mtunza farasi, aliye zamu hajui kama ana ruhusa ya kumwita daktari, na daktari naye hajui atalipwa na nani. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuufikiria usiku huo. Vifungu vya bei na saa za kutembelea vina nafasi yake, lakini mkataba unaofaa ni ule unaomsaidia farasi na watu wanaomtunza siku ambayo mambo yameharibika.

Hatua ya kwanza: kujua sheria inasema nini pale mkataba unaponyamaza

Nchini Kongo, mapatano ya aina hii yanatawaliwa kwanza na Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, yaani dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba. Ni sheria ya zamani, lakini ndiyo inayofunguliwa mahakamani hadi leo. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya, na kwamba ni lazima yatekelezwe kwa nia njema. Maana yake ni kwamba karatasi mtakayoitia saini ina nguvu kweli, na hakimu ataisoma kama ilivyo, pamoja na mapengo yake yote.

Kifungu cha 261 kinamgusa farasi moja kwa moja: mwenye mnyama, au yule anayemtumia kwa muda anaomtumia, anawajibika kwa madhara ambayo mnyama huyo ameyasababisha, awe chini ya ulinzi wake, awe amepotea au ametoroka. Sasa fikiria farasi amevunja uzio usiku, ametoka kwenye barabara ya Kasumbalesa na kugongana na pikipiki yenye abiria. Mwenye farasi atasema kwamba mnyama alikuwa mikononi mwa banda. Mwenye banda atasema kwamba yeye hamtumii farasi huyo bali anamlisha tu. Mkataba unaweza kumaliza ubishi huo kati ya hao wawili kwa kueleza ni nani mwenye ulinzi wa farasi, kuanzia saa gani, na hadi saa gani, kwa mfano kwamba ulinzi uko kwa mwenye banda muda wote isipokuwa pale mwenye farasi, au mtu aliyemtuma, anapomtoa chumbani kumpanda. Ni muhimu, hata hivyo, kuelewa mpaka wa kifungu hicho cha mkataba. Mwendesha pikipiki aliyeumia hakutia saini mkataba wenu na haumfungi. Yeye anaweza kumshtaki yeyote kati yenu, na mkataba utasaidia tu kuamua ni nani atamrudishia mwenzake.

Iko pia kanuni ya kuhifadhi mali ya mwingine, inayomtaka aliyekabidhiwa kuitunza kama anavyotunza mali yake mwenyewe, tena kwa uzito zaidi pale anapolipwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye banda anayeandika kwamba hawajibiki kwa lolote litakalompata farasi anajidanganya, kwa sababu kifungu cha namna hiyo hakimwokoi mtu aliyefanya uzembe mkubwa au aliyedhuru kwa kusudi. Ni afadhali kuandika wajibu wake waziwazi na kuuwekea mipaka inayoeleweka.

Hatua ya pili: kumtambulisha farasi na watu wake

Andika majina kamili ya pande mbili, anwani zao, namba za vitambulisho na namba zaidi ya moja za simu. Ikiwa banda ni la kampuni au chama, taja anayesaini kwa niaba yake na madaraka aliyopewa. Ikiwa farasi ana wenyewe wawili, mume na mke au marafiki walionunua pamoja, wote wawili watie saini, na mmoja wao atajwe kuwa ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu matibabu. Mkataba umtaje pia mwakilishi wa mwenye farasi, mtu anayeishi Lubumbashi kwenyewe, ambaye anaweza kufika bandani usiku na kuamua. Jina hili ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, na mtu asiye na mwakilishi mjini asikubaliwe kuweka farasi bila kwanza kumpata.

Farasi mwenyewe aelezwe kiasi kwamba mtu asiyemjua aweze kumtofautisha na wenzake: jina, umri, jinsia na kama amehasiwa, rangi ya mwili, mabaka ya usoni na miguuni, alama ya chuma cha moto kama anayo, urefu wa mabegani, na namba ya chipu, yaani kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, yenye tarakimu 15 iliyo kwenye pasipoti yake, yaani hati yake ya utambulisho. Ambatisha picha za pande zote nne zilizopigwa siku ya kumkabidhi. Siku hiyohiyo daktari wa wanyama ampime mbele ya pande zote mbili, aandike makovu, hali ya kwato, meno, kilema chochote na unene wake. Uzito unaweza kukadiriwa bila mizani: pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele na urefu wa mwili kutoka begani hadi nyuma ya paja, vyote kwa sentimita, zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, na ugawanye kwa 11,880. Jibu ni kilo. Namba hiyo ikiandikwa siku ya kwanza, mgogoro wa kwamba farasi amekondeshwa hautabaki kuwa maneno dhidi ya maneno.

Mwenye farasi naye ana deni la ukweli. Kama mnyama ana tabia ya kupiga mateke, kuuma, kutoroka au kutafuna mbao, na kama aliwahi kupata msokoto wa tumbo, aandike na kusaini. Saisi anayeingia chumbani alfajiri ana haki ya kujua anaingia kwa mnyama wa namna gani.

Hatua ya tatu: chakula, maji na malazi, kwa kilo na kwa lita

Hapa ndipo mikataba mingi inapoharibika, kwa sababu inaandika tu kwamba farasi atapewa chakula cha kutosha, na neno hilo kila mtu hulitafsiri kwa mfuko wake. Farasi wa kilo 500 anahitaji kila siku chakula kikavu cha kati ya kilo 7.5 na kilo 10, yaani asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya chakula hicho inapaswa kuwa nyasi. Mkataba utaje kilo za nyasi kavu kwa siku, kilo za nafaka, idadi ya milo na saa zake. Maji ni kati ya lita 25 na 55 kwa siku, kutegemea joto na kazi, na ndoo iwe na maji masafi mchana na usiku. Chumvi nayo iandikwe, kiasi cha gramu 50 kwa farasi wa ukubwa huo au jiwe la kulamba lisilokosekana.

Kisha uje msimu wa kiangazi. Mvua za Lubumbashi huanza karibu na Novemba na kwisha mwezi wa Aprili, na kufikia Agosti malisho ya nje yamekauka na kupoteza nguvu, wakati mwingine yameungua kabisa kwa mioto ya msituni. Bei ya nyasi kavu hupanda wakati huo. Kama mkataba hausemi ni nani anayebeba tofauti hiyo, farasi ndiye ataibeba kwa mbavu zake. Njia ninayoipendekeza ni mwenye banda kujifunga kuwa na akiba ya nyasi ya miezi kadhaa ifikapo Juni, ikihifadhiwa juu ya mbao mahali pakavu, na bei ya mwezi ipangwe tangu mwanzo kwa hesabu ya mwaka mzima.

Mahindi yanahitaji kifungu chake. Katanga ni nchi ya mahindi, na pumba zake hupatikana kirahisi, lakini kwa farasi zina hatari mbili ambazo wafugaji wa ng'ombe huenda wasizijue. Ya kwanza ni ukungu: mahindi yaliyoshikwa na kuvu wa aina ya Fusarium huweza kubeba sumu inayoharibu ubongo wa farasi, na mnyama huanza kuyumba, kupofuka na kugonga ukuta, kisha hufa ndani ya siku chache bila dawa ya kumponya. Ya pili huja polepole. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na farasi anayelishwa pumba kwa wingi kwa miezi huanza kunyonya kalsiamu ya mifupa yake mwenyewe, hadi uso wake unavimba na miguu inaanza kuchechemea. Baadhi ya nyasi za nchi za joto, kama Setaria, huongeza tatizo hilohilo. Kwa hiyo andikeni kwamba nafaka yenye ukungu, unyevu au harufu ya kuoza haitatumika hata kwa mlo mmoja, kwamba pumba hazitazidi kiasi kilichotajwa, na kwamba kalsiamu itaongezwa kwa ushauri wa daktari wa wanyama. Mabadiliko yoyote ya chakula yafanywe kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10, kwa sababu tumbo la farasi halivumilii kushtukizwa.

Kuhusu malazi, taja ukubwa wa chumba, ambacho kwa farasi mkubwa hakipaswi kupungua mita 3.6 kwa 3.6, aina ya matandazo, yawe maranda ya mbao au majani makavu, na mara ngapi chumba kitasafishwa. Taja pia saa ambazo farasi atakuwa nje uwanjani kila siku na kama atakuwa peke yake au na wengine. Uzio wa seng'enge ya miba uondolewe au usitumike kabisa kwa farasi. Ngozi yake ni nyepesi na woga wake ni mwingi.

Hatua ya nne: saisi

Mkataba husainiwa na watu wawili, lakini kazi yote inafanywa na wa tatu. Saisi ndiye anayeamka usiku, ndiye anayeona wa kwanza kwamba farasi hakumaliza chakula, na ndiye anayelaumiwa. Andikeni kwamba saisi ni mfanyakazi wa mwenye banda, kwamba ameajiriwa kwa mujibu wa Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 na ameandikishwa katika CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ili akipigwa teke na kuvunjika mkono asiachwe kuwategemea wahisani. Mwenye farasi asimtume kazi zake nje ya banda, wala asimpe maagizo ya matibabu yanayopingana na ya msimamizi. Akitaka kumpa bakshishi, ampe, lakini bakshishi isigeuke kuwa mshahara.

Wekeni pia kiwango: farasi wangapi kwa saisi mmoja, na nani anabaki usiku. Banda lisilo na mtu anayelala humo lisiseme kwamba lina ulinzi wa saa 24.

Hatua ya tano: afya ya kila mwaka

Ugonjwa unaopaswa kutajwa kwa jina ni tauni ya farasi ya Afrika. Ni ugonjwa wa virusi vya aina tisa, unaoenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza, na huzidi mwishoni mwa majira ya mvua. Farasi asiye na kinga huweza kufa ndani ya siku chache tangu homa kuanza, akiwa na uvimbe juu ya macho au povu linalomtoka puani. Chanjo inayotumika zaidi kusini mwa Afrika hutengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Hutolewa kwa sehemu mbili zinazotenganishwa kwa wiki tatu au zaidi, ni vyema ikamilike wakati wa kiangazi kabla usubi haujaongezeka, na hurudiwa kila mwaka.

Mkataba ueleze mambo matatu juu ya chanjo hiyo. Kwanza, ni nani anayeiagiza, kwa sababu inatoka nje ya nchi na kuchelewa kwa mtu mmoja kunaweza kuchelewesha banda zima. Banda likiagiza kwa pamoja na kugawanya gharama huwa ni nafuu zaidi. Pili, ni wapi itahifadhiwa, maana ni lazima ikae kati ya digrii 2 na 8, na mjini kwetu umeme hukatika. Friji iwe na jenereta au betri, na kipimajoto kisomwe na kuandikwa. Tatu, kwamba hakuna farasi atakayepokelewa au kubaki bandani bila kuthibitishwa kuwa amechanjwa, na kwamba katika miezi ya hatari farasi wote wataingizwa vyumbani kabla ya machweo na kubaki humo hadi jua lichomoze vizuri, vyumba vikiwa na wavu mwembamba na feni panapowezekana. Ikishukiwa kwamba ugonjwa umeingia, mwenye banda anawajibika kuarifu huduma ya mifugo ya serikali, kwa kuwa ni miongoni mwa magonjwa ambayo nchi hutakiwa kuyatangaza kwa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani.

Mengine yanaweza kuandikwa kwa ufupi: chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, ukaguzi wa kupe kila siku kwa sababu ya ugonjwa wa damu wanaouleta, kupima kinyesi kabla ya kutoa dawa ya minyoo badala ya kuitoa ovyo, meno mara moja kwa mwaka, na kwato kila wiki 6 hadi 8. Fundi wa kwato anayejua kazi hapatikani kila mahali, kwa hiyo mkataba useme kama banda ndilo linalomleta na analipwa na nani. Farasi mgeni atengwe na wenzake kwa wiki mbili au tatu, akiwa na ndoo yake na brashi zake. Pale mpatapo nafasi, jadilini mpango wa afya na madaktari wa Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kabla ya kuuandika.

Hatua ya sita: usiku wa dharura

Kifungu hiki kiandikwe polepole, watu wote wakiwa wametulia, kwa sababu kitasomwa na watu waliochanganyikiwa.

Anzeni kwa kutaja dalili, si neno la jumla kama ugonjwa mkubwa. Farasi mzima aliyepumzika ana joto la digrii 37.5 hadi 38.5, moyo unaopiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na pumzi 8 hadi 16. Kugaagaa, kuchimba ardhi kwa kwato, kujitazama ubavuni, kutokunya, moyo unaopiga zaidi ya mara 60 akiwa amesimama, joto linalofika digrii 39, damu isiyokatika, kushindwa kuweka mguu chini, jicho lililofumba na kutoa machozi: yote hayo ni dharura. Orodha hiyo iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani pamoja na kipimajoto, na saisi wote wafundishwe kuhesabu mapigo ya moyo.

Kisha utaratibu. Ipo mikataba inayosema kwamba daktari aitwe baada ya mwenye farasi kukubali, na mpangilio huo ni mbaya, kwa kuwa msokoto wa tumbo hausubiri mtandao wa simu urudi. Daktari aitwe kwanza. Mwenye farasi apigiwe simu wakati daktari yuko njiani. Maneno yanaweza kuwa haya: "Dalili yoyote ya dharura ikionekana, Mwenye Banda atamwita mara moja daktari aliyetajwa katika kiambatisho, au mwingine iwapo huyo hapatikani, kisha atampigia Mwenye Farasi na mwakilishi wake. Wasipopatikana wote wawili ndani ya dakika 30, Mwenye Banda anaidhinisha kwa niaba yao matibabu ambayo daktari anayaona ni ya lazima, hadi kiasi kilichotajwa katika kifungu cha malipo, na Mwenye Farasi anajifunga kukirudisha ndani ya siku 7." Kiasi hicho kiwekwe kama akiba ya fedha bandani tangu siku ya kwanza. Ruhusa isiyo na fedha nyuma yake haimtoi daktari kitandani saa nane za usiku.

Linabaki swali ambalo wengi hukwepa. Upasuaji wa tumbo la farasi unahitaji hospitali kubwa, na ile ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pretoria, iliyoko Onderstepoort, iko mbali mno kwa farasi aliyepinda utumbo. Kwa msokoto ambao dawa haziutatui, kinachobaki ni kukubali mapema kwamba mnyama asiachwe ateseke hadi afe mwenyewe. Mwenye farasi aandike kwa mkono wake kama anaruhusu daktari kumkatisha farasi uhai kwa dawa pale anapothibitisha kwa maandishi kwamba hakuna tumaini na yeye mwenyewe hapatikani. Ninasihi ruhusa hiyo itolewe. Ikiwa farasi ana bima ya uhai, angalieni masharti yake kabla ya kuandika kifungu hiki, kwa kuwa kampuni za bima kwa kawaida hudai kuarifiwa kabla, na namba yao ya dharura iwe kwenye karatasi ya chumbani.

Andikeni pia mwili utapelekwa wapi. Farasi aliyeuawa kwa dawa ya usingizi, au aliyekuwa akitibiwa, nyama yake haifai kuliwa na mtu, na mbwa wakiila wanaweza kufa. Azikwe kwa kina, mbali na visima na mikondo ya maji, kwa gharama ya mwenye farasi isipokuwa kifo kimetokana na kosa la banda, na daktari aandike sababu ya kifo kabla ya kuzika.

Hatua ya saba: fedha

Taja bei ya mwezi, kilichomo ndani yake na kisichomo. Taja kama ni dola au faranga za Kongo, na kama ni dola inayolipwa kwa faranga, ni kwa kiwango gani. Kiwango cha Benki Kuu ya Kongo cha siku ya malipo ndicho kisichozua ugomvi. Malipo yakitumwa kwa simu, andikeni namba itakayopokea na nani anabeba makato, na risiti itolewe kila mara. Bei isipandishwe bila taarifa ya maandishi ya miezi miwili.

Kuhusu deni lisilolipwa, sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambazo zinatumika Kongo tangu mwaka 2012, zinamruhusu mdai anayeshika kihalali mali ya mdaiwa wake kuendelea kuishika hadi alipwe, kwa masharti ya kwamba deni liwe la hakika, limefika wakati wake na lina uhusiano na mali hiyo. Haki hii ni ya kutumia kwa uangalifu. Farasi anayeshikwa anakula kila siku, na anayemshika ana wajibu wa kumtunza vizuri. Haina maana ya kumuuza bila kupitia mahakama, wala kumpunguzia chakula ili mwenyewe aone aibu, wala kumkodisha kwa wapandaji ili kufidia deni. Ni vyema zaidi kudai dhamana ya miezi miwili mwanzoni, na kuandika kwamba baada ya siku 30 za kuchelewa barua itatumwa kwa mwenye farasi na mwakilishi wake, na baada ya siku 60 mwenye banda atapeleka jambo mahakamani.

Hatua ya nane: madhara, bima na matumizi

Gawanyeni hatari kwa aina. Madhara yanayotokana na uzio mbovu, chakula kilichooza au lango lililoachwa wazi ni ya mwenye banda. Madhara yanayotokana na farasi akiwa amepandwa na mwenyewe au mgeni wake ni ya mwenye farasi. Yanayotokana na radi, mafuriko, uporaji wa silaha au machafuko ya mji yawe ya kila mmoja kwa mali yake, mradi mwenye banda aonyeshe kwamba alifanya aliloweza. Soko la bima nchini lilifunguliwa kwa sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, hivyo inawezekana kuomba bei kwa kampuni zaidi ya moja kwa bima ya madhara kwa watu wengine. Nakala ya bima hiyo iambatishwe.

Hakuna anayempanda farasi wako bila jina lake kuandikwa, na mtoto hapandi bila kofia ngumu na mtu mzima wa kumwangalia. Matandiko, hatamu na mablanketi viorodheshwe kimoja kimoja, viwekewe alama, na chumba vinapohifadhiwa kiwe na kufuli. Blanketi si anasa: usiku wa Juni na Julai hapa ni wa baridi, na farasi mzee au aliyenyolewa huihisi.

Hatua ya tisa: kuondoka

Taarifa ya siku 30 inatosha kwa pande zote mbili, isipokuwa pale farasi anapokuwa hatarini, ambapo mwenyewe anaweza kumwondoa siku hiyohiyo akilipa alichokwisha kula. Siku ya kuondoka daktari ampime tena kama alivyopimwa siku ya kwanza, uzito ulinganishwe, na mwenye farasi apewe pasipoti, daftari la chanjo na dawa, na vifaa vyake vyote kwa orodha. Farasi asikabidhiwe kwa dereva aliyekuja na simu tu. Akabidhiwe kwa mtu aliyetajwa kwa maandishi, aonyeshe kitambulisho na asaini.

Hatua ya kumi: lugha na saini

Kifaransa ndicho lugha rasmi ya nchi, na ndicho kitakachotumika mbele ya hakimu. Kiswahili ndicho kinachozungumzwa bandani. Andikeni mkataba kwa lugha zote mbili na semeni ni maandishi gani yatakayofuatwa yakitofautiana. Kisha usomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, mbele ya saisi mkuu, na pale atakapouliza swali ambalo karatasi haina jibu lake, jibu hilo liongezwe kabla ya kusaini. Kila ukurasa uwekewe herufi za majina ya pande zote, mashahidi wawili wasaini, na kwa farasi wa thamani kubwa mkataba upelekwe kwa notere, yaani ofisa anayethibitisha hati, ili tarehe na saini zisipingwe. Nakala ya kwanza ibaki kwa mwenye farasi, ya pili kwa mwenye banda, ya tatu kwa mwakilishi, na ukurasa wa dharura peke yake, wenye dalili, namba za simu, jina la daktari na kiasi kilichoidhinishwa, utiwe katika mfuko wa plastiki na kutundikwa mlangoni pa chumba cha farasi, na ubadilishwe kila mara namba ya simu inapobadilika.